Winchi imekufa baada ya kuvuka maji, duka linakataa waranti: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser pikapu hapa Ifakara, nasambaza mbolea na kubeba mpunga kutoka mashambani. Mwezi wa nne tulikwama katikati ya kijito kilichofurika, maji yakafika kwenye taa. Winchi ikatuvuta kama dakika kumi, tukatoka salama. Wiki tatu baadaye nabonyeza rimoti, inalia "tak, tak" tu, ngoma haizunguki. Winchi ni ya kuvuta uzito wa pauni 9,500, ina miezi 11, waranti yake ni miaka 2, na boksi limeandikwa IP67. Nimepiga simu duka nililonunua Dar, wamesema maji hayamo kwenye waranti. Fundi wa hapa anataka kuifungua kesho asubuhi. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimruhusu. Mwambie aweke spana chini, hata kama ni fundi mzuri na ana uhakika wa kuitengeneza ndani ya saa moja. Mota ambayo haijafunguliwa ni ushahidi wako. Ikishafunguliwa, duka halitakuwa na haja ya kubishana nawe kuhusu maji. Litasema imeguswa, na mazungumzo yataishia hapo.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kumkosesha mteja haki yake kwa nia njema kabisa. Aliniletea winchi ya miezi sita iliyoingia maji. Nikafungua mota, nikaisafisha mpaka ikang'aa, kisha nikamwambia amecha, yaani ile sehemu ya ndani ya mota inayozunguka, imekufa, aipeleke alikonunua akabadilishiwe. Kule waliangalia kitu kimoja tu: skrubu za mfuniko. Kiwandani walikuwa wameweka doa la rangi juu ya kichwa cha kila skrubu, na madoa yote yalikuwa yamekatika. Kama sili ilikuwa nzima au ilikaa upande tangu kiwandani, hakuna aliyeweza kujua tena, maana kila alama nilikuwa nimeifuta mimi kwa kitambaa. Yule bwana alinunua mota nyingine kwa fedha zake. Jambo lile linaniuma hadi leo, na sitaki likupate wewe.

Sasa tuje kwenye hiyo IP67, maana naona ndiyo uliyoishikilia. Tarakimu ya kwanza, 6, inahusu vumbi: maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili, 7, inahusu maji: kifaa kimezamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30, na hakikuingiza maji ya kukidhuru. Hadi hapo ni sawa na unavyofikiri. Lakini jaribio lenyewe hufanywa kwa kifaa kipya na kisafi, kwenye maji safi yaliyotulia, na joto la maji halitakiwi kupishana na joto la kifaa kwa zaidi ya nyuzi 5. Hilo sharti la mwisho ndilo lililoiua winchi yako, au ndilo ninaloliwekea shaka kubwa kuliko mengine yote.

Fikiria kilichotokea pale kijitoni. Mota ya winchi ikivuta kwa nguvu zake zote hula zaidi ya ampea 400. Betri ikiwa imeshuka hadi volti 10 kwa sababu ya mzigo, hizo ni karibu kilowati 4. Kamba yako inatembea mita moja na kidogo kwa dakika, kwa hiyo kazi inayoonekana kule mbele kwenye ndoano haizidi kilowati 1. Zinazobaki ni joto, na sehemu kubwa ya joto hilo imo ndani ya kopo la chuma linalotosha kubebwa kwa mkono mmoja. Ni sawa na kuwasha birika la umeme ndani ya kopo lililofungwa. Ndiyo maana watengenezaji husema uvute kwa muda mfupi, kama dakika moja hivi kukiwa na mzigo mkubwa, halafu uiache ipoe. Wewe ulivuta dakika kumi. Sikulaumu, maji yalikuwa yanapanda.

Basi mota imechemka na hewa iliyo ndani imetanuka, nyingine imetoka. Kisha maji ya mto yanaipiga. Hewa yenye joto la nyuzi 80 ikishuka ghafla hadi 25, ndani ya chombo kilichoziba, msukumo wake unapungua kwa karibu asilimia 16. Geuza hesabu hiyo kuwa kina cha maji unapata mita moja na nusu na zaidi. Yaani hata kama winchi ilikuwa sentimita 20 tu chini ya maji, sili zake zilikuwa zinavutwa kutoka ndani kana kwamba imezama zaidi ya kipimo chake. Mota ilikunywa maji kama mtoto anayevuta juisi kwa mrija. Mlango wake unaweza kuwa ukingo wa sili ya shafti, au pale nyaya nene zinapoingilia, au oringi ya mfuniko wa nyuma.

Kwa hiyo duka likikwambia "ulizamisha", usikubali neno hilo peke yake kuwa jibu. Winchi hufungwa kwenye bampa, sehemu ya mbele na ya chini kabisa ya gari linalouzwa kwa ajili ya kuvuka mito. Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa juu ya gari, inaokoa injini, haiisaidii winchi kwa lolote. Kuingia maji si kosa la mwenye gari kwa lenyewe. Swali la haki ni moja: maji yameingilia wapi, na mahali hapo paliharibiwa na nani? Swali hilo ndilo nataka ulisimamie tangu mwanzo hadi mwisho wa madai yako.

Pengine unajiuliza mbona siku ile ilifanya kazi vizuri, ikaja kufa baada ya wiki tatu. Hilo ni la kawaida mno. Mota yenye maji inaweza kuvuta, hasa kama maji ni ya mto yasiyo na chumvi. Uharibifu unafanyika gari likiwa limeegeshwa. Nimewahi kufungua moja iliyokaa mwezi mzima baada ya mafuriko: nilipolegeza mfuniko yalimwagika maji ya rangi ya chai ya maziwa, karibu nusu kikombe. Amecha ilikuwa na mstari wa kutu ulionyooka kabisa, chini yake nyekundu, juu yake safi, kama alama ya mafuriko kwenye ukuta wa nyumba. Kaboni mbili za chini, vile vipande vinavyogusa amecha kuipa umeme, zilikuwa zimegandamana na vishikio vyake kwa uji mweusi uliokauka, mchanganyiko wa vumbi la kaboni na tope. Springi ilikuwa inasukuma lakini kaboni haisogei. Umeme unafika, soleneidi, yaani swichi ya umeme mkubwa inayoamriwa na rimoti, inalia, mota haina habari. Hiyo ndiyo "tak, tak" yako, kwa dhana yangu.

Dhana hailetwi dukani, kwa hiyo pima kwanza. Vipimo hivi havihitaji kufungua mota. Kata umeme, legeza klachi ili ngoma izunguke huru, na kusiwe na mtu karibu na kamba. Zungusha ngoma kwa mkono. Isipozunguka hata klachi ikiwa huru, tatizo liko kwenye ngoma au beringi zake, na mota huenda haina kosa. Ikizunguka, rudisha umeme, chukua mita, pima betri: iliyojaa husoma kama volti 12.6. Kisha mwenzako abonyeze rimoti wewe ukiwa umeweka nyaya za mita kwenye nati za mota. Soleneidi zikilia na volti hazifiki kwenye mota, ugonjwa uko kwenye boksi la soleneidi au kebo, na hiyo ni habari njema maana ni kifaa cha bei nafuu. Volti zikifika kamili na mota haitikisiki, ugonjwa uko ndani ya mota. Usisahau kupima na upande wa negativu, kutoka nati ya negativu ya mota hadi betri. Nati iliyoshika kutu pale imewahi kupeleka winchi nzima jalalani.

Kama mota yako ina nati tatu zenye alama A, F1 na F2, kuna kipimo kimoja zaidi kinachomaliza ubishi. Chomoa kebo zote tatu, negativu kubwa ibaki mahali pake. Unganisha F1 na A kwa kipande cha kebo nene, halafu gusisha pozitivu ya betri kwenye F2 kwa kebo ya kuamshia gari. Mota izunguke upande mmoja. Badilisha: F2 na A pamoja, pozitivu kwenye F1, izunguke upande wa pili. Klachi iwe huru muda wote. Isipozunguka kokote, umepata jibu. Yote haya mwenzako ayarekodi kwa video ya simu, rimoti na mita vionekane, na uanze video kwa kuonyesha namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye kibati cha winchi.

Fundi wako pengine atapendekeza aigonge mota taratibu kwa nyundo ya mpira ili kaboni zilizoganda ziachie. Kwenye mota yenye koili za shaba pande zote inaweza kusaidia. Kama mota yako ni ya sumaku, zile zenye nati mbili tu, asiguse. Sumaku zile hushikiliwa na gundi na ni kavu kama kigae. Zikipasuka, mapande yake yanaisaga amecha. Na kwa kuwa hatujamaliza na duka, bora asigonge hata hiyo ya koili.

Ukishapima, andika barua. Simu haina kumbukumbu, na aliyekujibu kwa simu huenda ni kijana wa kaunta asiyejua hata waranti inasemaje. Andika kwa kifupi, kwa adabu, bila hasira. Mimi ningeandika hivi:

"Tarehe fulani nilinunua kwenu winchi yenye namba hii, risiti ya EFD nimeambatanisha. Imeacha kufanya kazi ikiwa na miezi 11. Haijafunguliwa na mtu yeyote. Vipimo vya umeme vinaonyesha volti zinafika kwenye mota na mota haizunguki, video nimeambatanisha. Bidhaa iliuzwa ikiwa na alama ya IP67. Naomba ifunguliwe na fundi wenu nikiwepo, au picha zipigwe kila hatua, na nipewe ripoti ya maandishi inayoeleza maji yameingilia sehemu gani na hali ya sili ya sehemu hiyo. Kama madai yanakataliwa, naomba nitajiwe kifungu cha waranti kinachotumika."

Sentensi hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko inavyoonekana. Waranti nyingi za winchi nimezisoma, na mara nyingi neno "maji" halimo kabisa. Kilichomo ni maneno kama matumizi mabaya, uzembe, kukosa matunzo, au kutumia zaidi ya uwezo. Sehemu za chuma, yaani gia na ngoma, hupewa muda mrefu. Sehemu za umeme muda mfupi zaidi. Kamba na rangi aghalabu hazimo. Mtu akilazimika kutaja kifungu, atalazimika kwanza kukisoma. Wewe nawe kisome kabla yake. Angalia pia hiyo IP67 imeandikiwa nini hasa. Kuna winchi ambazo alama hiyo ni ya boksi la soleneidi tu, na boksi la karatasi linaitaja kana kwamba ni ya winchi nzima. Ukikuta hivyo, piga picha pande zote za boksi na ulitunze, maana ni hoja yako.

Kisheria, mkataba wako wa mauzo uko na duka, kwa hiyo wasikurushe kwa kiwanda kilicho ng'ambo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji katika mazingira fulani auze kitu kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Kama ulipokuwa dukani ulisema unaitaka kwa ajili ya kuvuka mito ya Kilombero, liandike hilo kwenye barua. Na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa. Malalamiko ya namna hiyo yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Usianze nao, anza na barua. Maduka mengi hulegea yakiona mteja ana risiti, video na lugha nzuri.

Lazima pia nikuoneshe mahali ambapo wanaweza kukushinda, ili usije ukashangaa. Kwanza, unabeba mbolea na mpunga kwa malipo. Waranti nyingi za winchi za magari zimeandikwa kwa matumizi binafsi na zinaondoa matumizi ya biashara. Kama kifungu hicho kimo, ndicho watakachokishika, na kina nguvu kuliko habari zote za maji. Usidanganye kuhusu kazi ya gari. Kibati cha biashara na jina ubavuni vitakusuta. Pili, zile dakika kumi. Mota iliyoungua kwa kuvutishwa kupita kiasi inanuka vanishi iliyoungua, na risasi iliyoungia nyaya za amecha huyeyuka ikatapakaa ukutani mwa kopo. Iliyokufa kwa maji ina kutu, unga mweupe wa aluminiamu na ukijani wa shaba. Fundi wao akifungua atajua ni ipi, nawe ukiwepo utajua. Tatu, kama gari huwa linaoshwa kwa mashine ya presha na kijana anaelekeza mdomo wa bomba kwenye winchi, hilo ni jaribio jingine kabisa. Tarakimu ya 7 ni ya kuzama, haiahidi chochote kuhusu maji yanayorushwa kwa nguvu.

Ukiona mambo yako ni hamsini kwa hamsini, usiombe winchi mpya. Omba mota peke yake, au mota kwa bei waliyoipata wao, ufundi juu yako. Nimeona madai mengi yakiisha hivyo na pande zote zikaridhika, wakati aliyekomalia winchi nzima akarudi mikono mitupu. Na wapatie tarehe ya kukujibu. Siku 14 zinatosha.

Wakikataa kwa maandishi na huna nia ya kwenda mbele zaidi, hapo sasa muite fundi wako na spana zake. Mota ioshwe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, siyo petroli. Mvuke wa petroli ukibaki ndani, cheche ya kwanza ya kaboni inaulipua. Amecha ianikwe juani siku mbili au iwekwe karibu na balbu ya moto, kisha ipimwe kwa mega, kile kifaa cha kupima kama umeme unavuja, kati ya nyaya na chuma. Ikisoma chini ya megaomu 1 bado ina unyevu au vanishi imekufa. Komuteta, pale kwenye amecha kaboni zinapogusa, isuguliwe kwa msasa laini wa karatasi. Ule msasa mweusi wa kitambaa wa kusugulia chuma uachwe, chembe zake zinapitisha umeme na zinajaa kwenye mifereji. Fungueni na upande wa gia pia. Grisi ikiwa nyeupe kama mtindi, maji yalifika huko, iondolewe yote. Lakini grisi isiende kwenye breki, ambayo kwenye winchi nyingi imo ndani ya ngoma. Breki yenye grisi haishiki, na mzigo ukiwa mlimani hilo si jambo la kusimulia.

Wakati wa kufunga, mafundi wengi hupenda kupaka silikoni kila mahali, pamoja na lile tundu dogo la chini lililo kwenye baadhi ya mota. Mzuie. Tundu lile limewekwa ili maji yaliyoingia yapate kutoka, na kwa hali ya hewa ya bonde lenu, hata mvuke peke yake hutosha kujaza matone ndani ya mota iliyozibwa kila upande. Kwa kuwa waranti itakuwa imekwisha, afadhali hapo weka kipande cha kuunganishia mpira mwembamba wa hewa, uupandishe hadi juu ndani ya boneti, karibu na betri. Mota ikichemka itatoa hewa kupitia mpira huo, ikipoa itavuta hewa kavu badala ya mto. Wanaoshindana kwa magari ya porini wamekuwa wakifanya hivyo miaka mingi.

Weka pia swichi kubwa ya kukata umeme wa winchi kwenye pozitivu, karibu na betri. Watu hudhani ni ya kuzuia wezi au ajali tu. Kazi yake nyingine ni kwamba bila swichi hiyo, nati ya pozitivu ndani ya boksi la soleneidi ina umeme usiku na mchana, na unyevu ukiifikia shaba inaliwa taratibu hata gari likiwa limelala. Ule ukijani unaouona kwenye nati moja tu kati ya zote unatokana na hilo.

Na mvua zitakaporudi, siku ukivuka maji yakagusa winchi, jioni hiyo hiyo usilale. Funga kamba kwenye mti, achia mita kumi, gari likiwa limewashwa uivute polepole kwa breki kidogo ya mguu mpaka mota iwe ya vuguvugu mkononi. Rudia kesho yake. Mota yenye joto inakausha maji yaliyomo kabla hayajawa kutu, na ungefanya hivyo mwezi wa nne, huenda leo ungekuwa shambani unabeba mpunga.